Chiriku Aliyekwisha na Salamanda Aliyebaki

Kila asubuhi Mama Rangi alikoroga vitambaa katika mapipa ya rangi, mikono ikawa buluu mpaka viwikoni. Jioni alimwaga maji machafu mtaroni. Mtaro uliishia kwenye kidimbwi cha chemchemi.

Siku moja akaja binti mfanyakazi wa makumbusho.

"Shikamoo, mama. Naomba usimwage rangi humu. Kidimbwini kuna salamanda."

"Marahaba. Salamanda ndiye nani?"

"Anafanana na mjusi, ila ngozi yake ni laini, yenye unyevu kama ya chura. Anapumua kwa ngozi hiyo. Maji yakiwa na sumu, inamwingia mwilini. Wamebaki kumi na wanane tu. Kwingine kote hawapo."

Mama Rangi akacheka. "Nifunge kazi kwa ajili ya mjusi? Makubwa haya!"

Baba mkwe wake, aliyekuwa akianika vitambaa, hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "zamani tulikuwa na chiriku hapa, mwenye shingo nyekundu. Akiimba, unasahau njaa. Tukafyeka vichaka vyake vyote. Tulisema wako wengi."

"Wakahamia wapi?"

"Hawakuhama. Walikwisha."

Binti akawapeleka makumbusho. Akavuta droo. Chiriku aliyekaushwa alilala chali juu ya pamba, kadi imefungwa mguuni. Mzee alijaribu kupiga mluzi wa wimbo wake. Alipofika katikati akakwama.

"Nimeusahau," alisema. Hapakuwa na wa kumkumbusha.

Mama Rangi aliuliza polepole, "Na yule wa kidimbwini, ni kama huyu?"

"La, mama. Huyu ametoweka, harudi tena. Yule yu mahututi. Lakini mahututi si maiti."

"Basi nifanyeje? Kazi hii ndiyo inayotulisha."

"Kazi usiache. Acha mtaro."

Wakachimba shimo mbali na chemchemi. Wakalitandika nailoni nzito, wakaliezekea mabati mvua isiingie. Maji yalikauka taratibu, mashapo ya rangi yakabaki chini. Waliyatia katika magunia, gari la taka za sumu likayachukua.

Miaka mitatu baadaye binti aliwaita kidimbwini. Akainua jani. Chini yake mayai yalishikamana kama shanga za maji, na ndani ya kila shanga kidoa cheusi kilitikisika.

"Wakubwa sasa ni ishirini na watano," alisema.

Mama Rangi aliinama, akayatazama. Kesho yake alibeba jembe mpaka kwa jirani yake, mtia rangi mwenzake.

"Hodi, jirani! Shimo lako tulichimbe wapi?"