Kikaratasi Ndani ya Boksi

Walikutana kwa kukanyagana. Korido ya maduka ya vifaa vya umeme ilikuwa imefurika watu, na binti mchora ramani za nyumba, ndani ya gauni lake la bluu, alimkanyaga kijana aliyechuchumaa akitafuta skrubu.

"Samahani, kaka!"

"Usijali, dada. Mguu ninao mwingine."

Binti alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Kijana alikuwa fundi kompyuta, ameajiriwa katika duka mojawapo pale. Shati lake lilinyooka kwa pasi, na bisibisi ilikaa nyuma ya sikio, ndiyo maana korido nzima ikamwita Bisibisi. Baada ya wiki sita walikuwa wakipigiana simu kila mchana. Binti hakuwahi kutamka kwamba anampenda. Kila neno hilo lilipofika mdomoni, alilimeza.

Ijumaa alinunua kwake kadi ya picha ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ili ichore nyumba bila kukwama.

"Nije nikufungie, laazizi?" Bisibisi aliuliza kwenye simu.

"Nimesoma chuo mimi. Nitafunga mwenyewe."

"Haya, Injinia. Ukikwama, piga."

Alifunga, akawasha. Feni zilizunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Akaichomoa kadi, akapuliza vumbi, akairudisha. Tii. Na Jumatatu mteja alikuwa anasubiri ramani ya zahanati.

"Mdogo wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema dada yake mkubwa, akimenya viazi. "Mapenzi yamekufumba macho."

Maneno yale yalimkaa binti moyoni usiku kucha. Asubuhi, yeye ambaye sauti yake husikika kwa shida, alisimama dukani mbele ya wateja wanne.

"Umeniuzia kadi mbovu! Umeniona mjinga kwa kuwa nakupenda?"

Mteja mmoja alirudisha spika rafuni, akaondoka.

"Feni zinazunguka?" Bisibisi aliuliza polepole.

"Zinazunguka! Skrini ndiyo nyeusi!"

Kijana alifumbua mdomo, akawatazama wateja, akaufumba. Aliingia nyuma, akatoka na boksi jingine.

"Samahani, dada. Chukua hii."

Dada! Jana tu alikuwa laazizi.

Nyumbani, alipoinua kadi mpya, chini yake alikuta kikaratasi: *Injinia, ile haikuwa mbovu. Nadhani waya wa skrini umeuacha kwenye tundu la zamani. Uhamishie kwenye kadi. Sikutaka kusema mbele za watu.*

Aliifunga kadi, akachungulia nyuma ya kompyuta. Waya ulikuwa palepale pa zamani. Akauhamisha, na skrini ikawaka, ikamulika uso wake uliolowa machozi.

"Si nilikwambia ile ilikuwa mbovu!" dada alishangilia.

"Mbovu nilikuwa mimi, dada."

Alipiga simu ya dukani. Akapokea mwenye duka.

"Bisibisi nimemweka stoo. Hauzi kitu hapa mpaka nijue kama anauza mali mbovu."

Binti alikaa kitandani, mashavu yakimwaka. Angeweza kutuma ujumbe, kimyakimya. Lakini tusi la hadharani halifutwi kwa kunong'ona. Alitoka mbio, na kandambili za nyumbani miguuni.

Duka lilikuwa limejaa kuliko asubuhi.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele hapa," alisema. "Kadi ilikuwa nzima. Waya niliuchomeka pasipo pake. Huyu kijana alijua, akanisitiri."

"Makubwa!" mama mmoja aliguna. Mtu akacheka. Binti alitamani sakafu immeze, lakini hakuondoka.

Bisibisi alitokea mlango wa stoo, vumbi kichwani.

"Kwa nini hukusema?" binti alimuuliza.

"Wangekucheka."

"Wewe je? Nimekufanya uonekane tapeli!"

"Mimi nimeizoea korido hii. Wewe hata kucheka unaona haya."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, laazizi." Akapangusa vumbi usoni. "Ila asubuhi ulisema neno moja ambalo hujawahi kuniambia, na ulilisema kwa hasira. Lirudie."

Binti aliwatazama watu wote wale. Akavuta mtandio ufunike nusu ya uso.

"Nakupenda," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeota.

Mwenye duka alijiegemeza kwenye kaunta. "Huku nyuma hatujasikia!"

Binti akaushusha mtandio.