Riwaya ya Verdiana Kwenye Simu za Watu

Stendi ya Mikumi ilikuwa imefurika abiria wa mabasi ya Iringa siku Verdiana alipogombania sahani ya chipsi na kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi hasa.

"Dada, hii nimeagiza mimi."

"Imeandikwa jina lako?"

"Haijaandikwa. Basi tule wote, kesi iishe."

Wakala wote. Huyo ndiye Beda, mwenye duka la steshenari Kilosa mjini, na kabla sahani haijaisha Verdiana alikuwa keshanaswa. Miezi ikapita, mapenzi yakakolea. Beda ndiye aliyemchapia riwaya yake kwenye kompyuta, ndiye aliyemsukuma aipeleke kwenye shindano la waandishi wasiowahi kutoa kitabu. Mshindi angechapishiwa. Verdiana, mpokea wageni wa gesti, hakuwahi kutaka kitu duniani kama kuona jina lake juu ya jalada.

Alipopigiwa simu kwamba ameingia tano bora, alipiga vigelegele. Furaha ile haikulala. Jioni hiyohiyo Agatha, mwenzake wa kazini, alikuwa anakunja mashuka huku simu yake ikisimulia hadithi. Verdiana akasikia jina la shujaa wake. Kisha akaitambua sauti: Beda!

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Grupu la wapenda hadithi. Wee, kuna kaka anasoma, utalia! Tumefika sura ya kumi na mbili."

Kanuni za shindano alizijua kama sala: hadithi isiwe imetolewa popote, hata mtandaoni, hata kwa sauti. Majaji wakijua, hana chake. Na wasijue vipi, ikiwa imefika mpaka kwenye mashuka ya Agatha? Akajifungia stoo, akapiga simu.

"Mwandishi wangu, kipenzi cha roho..."

"Beda, umeniua."

Alipomweleza, Beda akababaika. "Nilitaka watu wakuonje, mama. Wanakupenda! Najivunia wewe."

"Uliniuliza?"

"Naifuta yote sasa hivi."

"Utafuta na kwenye simu za watu?" Akakata.

Tangu hapo akawa analala na hofu, anaamka nayo. Namba ngeni ikiita, jasho linamtoka. Mgeni akija na spika masikioni, anaona huyo anasikiliza riwaya. Aliwaza kunyamaza. Je, akishinda, kitabu kitoke, halafu aumbuliwe mbele za watu? Kunyamaza nako kukamtisha. Na juu ya yote alimmisi Beda, jambo lililomuudhi kupita maelezo.

Jumamosi Beda akatokea gesti, shati limejikunja, macho mekundu. Hakuthubutu kumshika mkono.

"Nimewaandikia majaji kwamba niliiba, wewe hukujua lolote. Sijatuma. Nitume?"

Verdiana akamtazama. Kwa mara ya kwanza Beda alikuwa ameuliza kabla ya kutenda.

"Usitume. Hadithi ni yangu, na mdomo ninao."

Akampigia mratibu wa shindano, mama Scolastica.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti."

Akaeleza yote bila kuficha. Upande wa pili mama akashusha pumzi.

"Umefanya vyema kusema. Ila kanuni ni kanuni, mwanangu. Tunakuondoa. Mwakani tuletee nyingine."

Verdiana akalia kwa kwikwi, hakujali nani anamwona. Iliuma, iliuma sana. Lakini hofu ilikuwa imekwisha, na pumzi zikawa zinaingia bila kukwama.

"Umenisamehe?" Beda akanong'ona.

"Bado. Nitakusamehe taratibu."

"Naweza kuuliza jingine?"

"Uliza."

Beda akafungua mdomo, akaufunga. "Kama... yaani mimi na wewe..."

"Sura kumi na mbili umesoma bila kigugumizi, leo ndiyo unakipata?" Verdiana akajifuta machozi kwa kiganja. "Sema yote."

"Nikuoe?"

"Mimi nimekubali. Sasa nenda kwetu Masanze ukamuulize na baba."