Picha za Ziada

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Jirani mmoja alikuwa anapiga pasi huku akiimba nje ya mdundo wa redio yake. Ghorofa ya juu yake, kijana tuliyemwita Chapuchapu, kwa wepesi wa vidole vyake kwenye michezo ya kompyuta, alikuwa anafuta vumbi kwenye skrini aliyoachiwa na marehemu kaka yake.

"Shemeji, hiyo skrini iache ilivyo," alisema mjane wa kaka yake kutoka mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Kaka yako alianza kuichokonoa, wiki ileile tukamzika."

"Kaka alikufa kwa moyo. Skrini ina meno, shemeji?"

Shemeji hakucheka. Yeye ndiye aliyemkuta mumewe kitini, ameshakauka, macho wazi. Na macho yenyewe ndiyo yaliyomtia kinyaa mpaka leo. Hayakuwa na ukungu wa maiti. Yalikuwa yanang'aa, kama sahani iliyolambwa.

Lakini jioni ile kulikuwa na mchujo wa timu ya michezo hiyo ya kompyuta, nafasi ambayo Chapuchapu aliiota mwaka mzima. Skrini yake ilichora picha sitini kwa sekunde. Akamwambia shemeji kwamba ataisukuma kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani, ifike sabini na tano.

"Na hiyo kompyuta inaleta picha ngapi?" shemeji akauliza.

"Imechoka hii. Sitini, tena kwa kujikongoja."

"Sasa hizo za ziada anachora nani?"

"Zinarudiwa zilezile, shemeji. Hebu nenda kafue."

Akaenda, huku akisonya.

Chapuchapu akapandisha kasi. Skrini ikazima, ikawaka, ikauliza kama aihifadhi kasi hiyo mpya. Usipojibu upesi, hurudi yenyewe kwenye kasi ya zamani; ni kinga ya wenye pupa. Yeye akabofya ndiyo hata kabla hajasoma.

Mchezo ukateleza kama mafuta. Akatabasamu. Kisha akasikia harufu. Harufu ya kinywa kilicholala bila kuoshwa. Akanusa kwapa lake, akanusa kikombe chake cha chai. Sivyo. Ilikuwa inatoka mbele.

Kwenye ukingo wa picha kulikuwa na kitu cha waridi, kinachotokea na kupotea. Akasogeza uso karibu.

Ulikuwa ulimi.

Mpana, wenye vipele na utando mweupe. Ulikuwa unalamba kioo kwa ndani.

Akasukuma kiti nyuma. Akachagua sitini. Skrini ikawa nyeusi. Katika weusi ule ulimi haukupotea tena. Ulitulia, umejibandika, ukisubiri.

Swali likaja. Ilibidi ajibu. Ili ajibu, ilibidi atazame. Akafumba macho.

Swali likapita. Skrini ikarudi sabini na tano.

Akajaribu tena. Safari hii hakupepesa. Akainama, akatafuta kitufe.

Kitu chenye joto kikagusa jicho lake la kushoto. Kikapita polepole, kutoka pembe hadi pembe. Kikameza.

"Shemeji," akanong'ona. Kiwiko chake kikaangusha kikombe, kikapasuka kwa kishindo.

Shemeji alikuja mbio, akachomoa waya. Skrini ikafa. Akamfuta uso kwa kanga yake, na alipoivuta, ikavuta nyuzi za utelezi mzito, unaonuka.

"Umelia?"

"Sijalia."

Hakwenda kwenye mchujo. Skrini ikafungiwa stoo, bila waya. Shemeji amejaribu kuisugua kwa sabuni na kwa spiriti, lakini kuna baka la utelezi kwenye kioo ambalo halitoki. Liko upande wa ndani, na halikauki.

Tangu siku ile, jicho la kushoto la Chapuchapu halitoi tongotongo. Linang'aa tu. La kulia lilikuwa linaamka limejaa uchafu kama la mtu yeyote, naye kila asubuhi aliukwangua kwa ukucha, akautazama, akashukuru. Watu wengine wangeona kinyaa. Yeye ulimpa amani.

Jumapili iliyopita aliamka, akapeleka kidole kwenye jicho la kulia.

Lilikuwa safi. Na kope zilikuwa bado mbichi kwa utelezi.