Mkebe wa Pilipili Dirishani

Basi la Lamu lilikuwa limesimama Garsen likingoja msafara wa polisi, na steji nzima ilichemka kama chungu cha maharagwe. Wauza mayai wanagonga madirisha, makanga wanatukanana kwa upendo, mbuzi wanapita katikati kama wenye mji. Pembeni, juu ya gunia, Abdia alikuwa amepanga mikebe yake kumi na miwili. Dera la kijani, mtandio wa manjano, na macho ya kumwambia mtu nunua au pita.

Ndani ya mikebe mlikuwa na pilipili za maua. Si za mchuzi hizo. Ni ndogo za kupambia baraza, husimama wima kama taa za harusi, na siku ile zote zilikuwa za zambarau.

Akaja kijana mrefu, kikoi safi, shati jeupe, fimbo ya kuchungia mkononi ingawa ng'ombe wake wa karibu alikuwa mwendo wa siku nzima. Huyo ni Galgalo, Muorma, mwenye kiduka cha dawa za mifugo. Akachuma moja, akaitia mdomoni.

"Wee! Si tunda hilo!"

Wapi! Alikwisha kutafuna. Macho yakajaa, akawa anahema kama ndama aliyekimbizwa na fisi.

"Maji," akasema.

"Maji hayasaidii. Kunywa maziwa."

"Leo ndiyo siku niliyotoka bila maziwa."

"Basi lia. Kwani wanaume wa kwenu hulia?"

"Leo ndio tunaanza."

Abdia akacheka mpaka mtandio ukaanguka mabegani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke akishamchekea mwanamume anayelia, dawa yake haiuzwi dukani, hata duka la mifugo.

Galgalo akanunua mkebe. Mbuzi wa mama yake wakaumaliza siku hiyohiyo, akapata sababu ya kurudi. Wiki ya pili alileta zawadi, gunia la samadi kavu ya ng'ombe.

"Wenzako huleta marashi," Abdia akamwambia kwenye simu.

"Marashi yataotesha pilipili?"

"Hebu nyamaza, mtu wa ng'ombe."

"Nimenyamaza, sukari ya chai yangu."

Abdia alicheka, lakini kwa sauti ya chini. Nyumbani aliishi na kaka yake, Buya. Mwaka wa fujo za wakulima wa kwao na wafugaji Waorma, baba yao alitoka kwenda kutazama migomba yake, hakurudi. Buya akaapa mbele ya watu kwamba Muorma atakayekanyaga ua wake atatoka amebebwa. Na kila asubuhi Buya alinoa panga. Kwii, kwii. Mtaa mzima ulisikia.

Siku moja Galgalo alipiga simu, ikapokewa na sauti nzito. "Nani?"

"Mimi... ninauza matangi ya maji."

"Hatutaki tangi."

Galgalo akazima simu mpaka magharibi.

Basi Abdia akatunga alama. Dirisha lake lilitazama barabara. "Ukiona mkebe wa pilipili za zambarau, Buya yuko shambani, njoo dirishani. Ukiona wa pilipili nyekundu, pita kama hunijui. Na ukiona nyekundu siku tatu mfululizo, ujue amejua. Kimbia, Galgalo. Usipige hata simu."

"Na wewe je?"

"Mimi damu yake. Atakayekatwa ni wewe."

Mapenzi mazuri ya kutishana! Wakaendelea hivyo mwezi mzima, wakinong'ona dirishani, kila mlio wa lango unawakatiza neno.

Kisha mvua. Mto Tana ukafurika, na habari zikaja kwamba shangazi yake Abdia amelazwa hospitali ya Ngao, amepasuliwa. Abdia akaondoka mbio, mkebe wa zambarau umebaki dirishani. Wakati wa kupanda mashua simu ikamponyoka, ikazama na nambari zote. Nani siku hizi hukariri nambari?

Galgalo akaona zambarau, akabisha dirishani. Kimya. Simu, mteja hapatikani. Wiki ya kwanza, ya pili. Asubuhi moja akapita, akatazama dirisha. Nyekundu. Kesho yake, nyekundu. Siku ya tatu, nyekundu, na nyuma ya ukuta, kwii, kwii.

Hakuuliza mtu. Angemuuliza nani, na kila uso aliuona uso wa Buya? Alifunga kiduka, akapakia dawa zake, akaenda Nanighi, mbali huko juu mtoni. Huko alikuwa akisikia mtu ananoa kisu cha kitunguu, anaruka.

Abdia alirudi baada ya wiki tatu. Akakuta kiduka kina kufuli. "Ameenda zake," jirani akasema, "kama mtu aliyeiba." Abdia akawaza: Kumbe alinichezea. Au Buya... Akakimbia nyumbani, akaingia chumbani, akaona mkebe.

Akaketi kitandani, mkono kinywani.

Nambari ya Galgalo ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kiduka, chini ya picha ya ng'ombe mwenye tabasamu. Akaazima simu.

"Galgalo, ni mimi."

"Uko hai?" Galgalo akapaza sauti. "Alikupiga? Nani alibadilisha mkebe?"

"Hakuna. Ni mkebe uleule."

"Niliona nyekundu, Abdia!"

"Zimeiva! Pilipili hizi huanza zambarau, huiva nyekundu. Hukujua?"

"Kwetu ng'ombe mwekundu huzaliwa mwekundu, hufa mwekundu."

"Rudi, mpenzi. Lakini sasa hakuna dirisha. Nimechoka kuogopa. Njoo mchana, mlangoni."

"Atanikata."

"Basi atukate wawili."

Alikuja Jumatano, adhuhuri, bila fimbo, akabisha hodi langoni. Buya alikuwa kwenye kigoda, jiwe mkononi, panga magotini. Abdia alisimama katikati, ameukamata mtandio kama kamba ya kuokolea mtu mtoni.

"Muuza matangi," Buya akasema, ameitambua sauti.

Galgalo akavuka lango, akaingia uani.

"Nani, mwadhani, alikuwa akimwagilia mkebe ule dada alipokuwa Ngao? Kila asubuhi namwona mtu anatazama dirisha, anatoka mbio. Nikajiuliza, huyu anaogopa nini, pilipili?" Akaliweka panga chini. "Nikajua sote wawili tumejaa woga. Mimi nikisikia kengele ya ng'ombe, mpaka leo, navuja jasho. Panga nanoa nisikie mlio mwingine."

Akaingia ndani, akarudi na mkebe. Akachuma mbili, akampa Galgalo moja.

"Kula."

Galgalo aliijua pilipili ile. Akala. Buya naye akala. Ikawapanda wote wawili, wanaume wazima wakalia uani, mabega yakitikisika, na Buya akawa analitaja jina la baba yake. Abdia aliwaletea maziwa, hakuuliza machozi ni ya nini.

Buya alipopata sauti akasema, "Walete wazee wako Ijumaa. Waingie kwa lango hili."

Jioni ile Abdia hakuurudisha mkebe dirishani. Aliuweka katikati ya ua, juani, mahali pa pilipili.