Mstari wa Arobaini

Kila Jumapili Bochaberi na mama yake walichuma chai kwenye shamba lao karibu na Keroka, kisha wakamwaga majani juu ya gunia kuyachambua. Mama alitoa vijiti tu, Bochaberi akatoa majani yaliyokomaa tu. Mama alizoea kusema kwamba jicho linalotafuta kila kitu halioni kitu.

Jumapili moja ya mwaka 1974 shangazi Nyamoita, mfanyakazi wa ofisi Nairobi, alikuwa amewatembelea. Alileta karatasi kumi na mbili za maagizo aliyoiandikia kompyuta ya ofisini ili ijumlishe kilo za chai. Mashine inayojaza chumba kizima na kutii maandishi! Bochaberi alibaki kinywa wazi.

Shangazi, hata hivyo, hakuwa na raha. Ofisini palikuwa na kadi maalumu za kuisaidia mashine kukagua maagizo, lakini zilikuwa zimepotea. Zamu yake kwenye mashine ilikuwa moja tu, siku ya Jumanne. Akikosea, kazi hiyo angepewa mwingine.

"Shangazi, kwa nini tusiyachambue kama chai?" Bochaberi aliuliza.

Shangazi alicheka, kisha akatulia, akagawa kazi. Mama, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alionyeshwa bano, alama iliyopinda kama mwezi mchanga, akahakikisha kila lililofunguliwa limefungwa. Bochaberi alitazama kila mahali mashine ilipoelekezwa kwenye mstari wa namba fulani, akahakikisha mstari huo upo. Kila karatasi iliyokuwa sawa waliitia alama.

Bochaberi alipofika karatasi ya mwisho, watoto wenzake walimwita kucheza. Aliitia alama bila kuisoma, akatoka mbio. Lakini mchezo haukumnogea. Alirudi akamkuta shangazi anafunga mkoba.

"Karatasi ya mwisho sikuisoma," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilitia alama tu."

Shangazi alifungua tena mkoba. Wakaisoma pamoja, na hapo wakaona: mashine ilielekezwa kwenye mstari wa arobaini, na mstari wa arobaini haukuwepo. Shangazi alikuwa ameuruka wakati wa kunakili. Aliuandika palepale.

Baada ya wiki mbili kifurushi kutoka kwa shangazi kilifika posta. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, yenye hesabu ya kilo za chai za wilaya nzima, na mwishoni mashine yenyewe ilikuwa imechapa kwamba makosa ni sifuri. Bochaberi aliitandaza sakafuni, ikafika hadi mlangoni. Aliigusa kwa kidole, akiogopa kuichafua.

Mama aliketi kando yake.

"Kosa si aibu, mwanangu, kwa sababu hutafutwa likaonekana," alisema. "Alama ya uongo ndiyo mbaya. Inamwambia mwenzako asitafute."