Maharage ya Chini ya Mnara

Maharage ya kutambaa huzunguka fito kwa upande mmoja tu, na Semeni, aliyezaliwa Mlali chini ya milima ya Uluguru, hakuwahi kuona vinginevyo. Asubuhi hiyo mistari yake yote minne ilikuwa imejizungusha kinyume. Akaikunjua kwa vidole, akaizungusha upya. Kufika saa sita, ilikuwa imerudi kinyume.

Mwaka huo wa 2001 yeye na mumewe, Hatibu, walipunguzwa kazi mjini baada ya kiwanda kuuzwa, wakarudi kulima. Kampuni ya simu ilipokuja kujenga mnara kando ya shamba lao, Hatibu alipata kibarua cha kusafisha kiwanja, kisha akaachwa hapo kuwa mlinzi. Tangu mnara uwashwe, majani yalipauka, maua yakapukutika, na kila adhuhuri shamba lilinuka nywele zilizoungua.

"Ni mawimbi ya simu hayo," majirani walisema.

Semeni akashuka mjini kumtafuta Castory, kijana mtaalamu wa mimea. Castory akaja, akapanda maharage kwenye makasha mawili, moja akalizungushia wavu wa chuma wa kuzuia mawimbi. Baada ya wiki tatu akarudi kuyatazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Mawimbi hayaingii kwenye kasha hili, lakini miche imekufa kama ya nje. Na udongo wenu niliouchukua, kule kwangu umeotesha vizuri." Akashusha sauti. "Mama, kuna mtu amenipumulia shingoni sasa hivi. Mimi sirudi tena."

Akaondoka bila hata kuchukua makasha yake. Semeni akashika jembe, kwa kuwa palizi ilikuwa haijaisha. Hakukuwa na upepo, migomba ya jirani ilitulia tuli, lakini mstari wa kwanza wa maharage ukalala chini, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama vile mtu mzito anakuja akiburuta miguu, na ile harufu ikamjaa puani na kooni, hadi kilichokuwa kinakuja kikasimama mbele yake, kikashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetembea siku nyingi, kikampita, kikaingia kwenye kibanda cha mlinzi alimokuwa amelala Hatibu.

Bibi Mwamvita, mganga wa pale kijijini, alipoitwa alimkuta Hatibu ameketi mkekani, macho wazi, haoni. Akafukiza ubani.

"Walikata nini pale penye mnara?" akauliza.

"Mkuyu," Semeni akanong'ona. "Hatibu aliukata mwenyewe."

Kinywa cha Hatibu kikafunguka, ikatoka sauti ya kikongwe. "Nilikaa humo kabla ya babu zenu. Niondoke niende wapi?"

"Nenda msituni juu," akasema mganga. "Kule miti ipo."

"Nimechoka. Siwezi kutembea."

Bibi Mwamvita akamgeukia Semeni. "Mwanangu, itabidi abebwe. Aliyeukata mkuyu hawezi kumbeba, na mimi magoti yameisha. Na usimwambie mtu ulikomwacha, hata mumeo."

Semeni akajifunga kanga mgongoni kama anayebeba mtoto. Ilikuwa tupu, lakini alipovuka kijito cha kwanza ilikuwa imeshamkata mabega. Alipanda tangu asubuhi hadi alasiri, pumzi ya moto ikimpiga kisogoni, naye amechoka kiasi kwamba hata hofu ilimwisha. Msituni akafungua fundo. Uzito ukaondoka, matawi yakatikisika juu.

"Kaa hapo," akasema. "Usinifuate."

Mwezi haukuisha, maharage yakatoa maua. Hatibu alipona, asikumbuke lolote. Mchana mmoja akarudi kutoka mjini akicheka.

"Mke wangu, nimepata kazi nyingine! Simu hazishiki upande wa pili wa mlima, sasa wanajenga mnara mwingine juu kule, msituni. Nimepewa kusimamia ukataji wa miti."

Semeni akaketi kizingitini. "Mnaanza lini?"

"Vijana wameanza leo asubuhi."

Mbwa wa nyumba ya juu kabisa mlimani alianza kubweka. Kisha akabweka wa nyumba iliyofuata. Kisha wa nyumba ya jirani.