Maombi Ishirini na Tisa ya Ruangwa

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2008, saa tatu asubuhi, chuo cha uuguzi cha Nachingwea kilibandika orodha ya waliochaguliwa. Raudha, mwalimu wa hesabu kutoka Ruangwa, aliisoma mara mbili. Kati ya wasichana wake ishirini na tisa walioomba kwa kompyuta, hakumwona hata mmoja. Ofisini aliambiwa kwamba maombi yao hayakuwahi kufika.

Alirudi Ruangwa hasira zimemjaa, akaenda moja kwa moja kwa Abdulatifu, mwenye kafe ya intaneti walikojazia fomu. Abdulatifu alikana kugusa chochote. Kila msichana, alisema, alibonyeza kitufe cha kutuma akajibiwa: “Asante, maombi yako yamepokelewa.” Mmoja wao, Doreen, alikuwa ameuchapisha ukurasa huo. Chini ya karatasi ilisomeka anwani ya tovuti ya chuo, ikiishia na /pokea.

Kesho yake saa nne Raudha aliiweka karatasi hiyo mezani kwa mkuu wa chuo, Mama Lusiana. Kaimu, fundi wa tovuti, aliitazama akakunja uso. Alieleza kwamba programu ya maombi aliiweka ndani ya folda iitwayo maombi, hivyo anwani ilipaswa kuwa /maombi/pokea. Alifungua mipangilio, akakuta jina la folda limefutwa.

Mama Lusiana alisema basi kosa ni la fundi. Kaimu aliinamisha kichwa.

“Ukiiruka folda, nje yake kuna nini?” Raudha aliuliza.

“Hakuna kitu, Mwalimu. Ungeambiwa ukurasa haupatikani.”

“Sasa nani aliwashukuru wanafunzi wangu?”

Kaimu aliingia kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Nje ya folda kulikuwa na ukurasa mmoja uitwao pokea, usiohifadhi chochote, wenye maneno ya shukrani tu. Uliwekwa tarehe 3 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, siku matangazo ya nafasi za masomo yalipopelekwa Ruangwa. Aliyeuweka, na kulifuta jina la folda dakika hiyo hiyo, aliingia kwa jina la Saturnini, afisa udahili.

Saturnini alipoitwa alidai nywila yake iliibwa. Raudha alimwuliza ni mwizi gani angejisumbua kuwafungia njia watoto wa Ruangwa peke yao, ilhali wale wa Nachingwea walijaza fomu za karatasi dirishani kwake.

“Alama zao ni kubwa,” Saturnini alisema mwishowe. “Wangeingia wote, na wapwa wangu wangebaki nje.”

Orodha ilibanduliwa saa hiyo hiyo. Kaimu alirekebisha anwani, na wasichana wakapewa siku tatu za kuomba upya. Lakini Mama Lusiana alimsihi Raudha jambo lile liishie ofisini, kwa heshima ya chuo.

“Mimi naenda polisi, Mama,” Raudha alisema, akaomba nakala ya kumbukumbu za seva zilizoonyesha aliyeingia. Alisimama mlangoni akingoja mpaka Kaimu alipomaliza kuzichapisha.